Mwanamke aliyeacha sindano aambiwe ukweli wote

Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu tangu wiki iliyopita. Mwanamke anaongea kwa uchungu, anawaonya mabinti wasiguse sindano ya uzazi wa mpango kwa sababu itawaharibu kizazi. Anatoa mfano wa ndugu yake aliyeacha sindano, akamaliza mwaka na ushee hajashika mimba, na ndoa ikaanza kuyumba. Sauti yenyewe haikunikera sana, nimezisikia za aina hiyo tangu nikiwa binti. Kilichonichoma ni jibu alilopewa na mtu aliyejitambulisha kuwa mhudumu wa afya: huo ni uzushi, njia yoyote ya uzazi wa mpango ukiiacha uzazi unarudi mara moja, huyo dada ana tatizo lake jingine.

Jibu hilo limenikaa kifuani mpaka leo. Kwanza si kweli. Pili, mimi mwenyewe niliwahi kupewa maneno hayo hayo, nilipokwenda kuuliza kwa nini siku zangu hazijarudi ilhali nimeacha sindano. Muuguzi aliniangalia akasema dawa ilishaisha mwilini, nitafute sababu nyingine. Nikarudi nyumbani, nikaanza kuitafuta hiyo sababu nyingine katika mwili wangu na katika maisha yangu yote ya nyuma. Anayejua hali hiyo anajua. Usiku unalala unajihoji kama mshitakiwa, na mtu mwenye majibu alikuwa ameketi mbele yako mchana ule.

Sindano ninayoisema ni ile ya miezi mitatu, Depo-Provera na ndugu zake, miligramu 150 zinazochomwa kwenye msuli. Dawa hukaa pale ikiwa chembechembe ndogo zisizoyeyuka upesi, ikatoka kidogo kidogo kuingia kwenye damu. Ikifika kwenye damu huizuia tezi iliyo chini ya ubongo isitume homoni za kuiamsha ovari, na ovari isipoamshwa haipevushi yai. Sasa sikiliza vizuri: wiki 13 ni muda ambao unahakikishiwa kinga. Si siku ambayo dawa inakwisha mwilini. Ili kinga iwe ya uhakika kwa kila mwanamke mpaka wiki ya 13, ni lazima kwa wengi wetu dawa iendelee kuwepo baada ya wiki hiyo. Kwa mmoja itaisha mapema, kwa mwingine itabaki ikichuruzika miezi mingi. Hili si siri ya maabara. Limeandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya dawa yenyewe.

Na karatasi hiyo inasema nini? Inasema kwamba kati ya wanawake walioacha sindano ili wazae na wakafanikiwa, nusu walikuwa wameshika mimba ilipofika miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Wa mapema kabisa walichukua miezi 4. Wa mwisho walichukua miezi 31. Ukifika miezi 12, walioshika mimba ni asilimia 68 ya hao waliofanikiwa. Miezi 15, asilimia 83. Miezi 18, asilimia 93. Hebu isome tena hiyo ya miezi 12. Karibu theluthi moja ya wanawake ambao walikuja kupata watoto wao walifikisha mwaka mzima wakiwa bado hawajapata. Yule ndugu wa kwenye sauti, wa mwaka na ushee, yumo humo. Hakuna aliyemharibu kizazi, na huenda hana tatizo lolote jingine. Yuko ndani ya muda ambao watengenezaji wa dawa waliuandika wazi.

Shirika la Afya Duniani nalo halifichi. Mwongozo wake wa uzazi wa mpango unaeleza kwamba waliotumia sindano hii husubiri kwa wastani miezi minne zaidi kuliko waliotumia njia nyingine. Mwaka 2020 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti uliowafuatilia wanawake karibu 18,000 wa Denmark, Marekani na Kanada waliokuwa wakitafuta mtoto. Walioacha vidonge walichelewa kama mizunguko mitatu ya hedhi hivi kabla ya kurudi kwenye hali ya kawaida. Walioacha kijiti au kitanzi, mizunguko miwili. Walioacha sindano, mizunguko mitano mpaka minane. Baada ya hapo tofauti ilipotea, hakuna aliyebaki na kovu.

Kwa hiyo mwenye sauti amekosea na mhudumu wa afya amekosea. Lakini siwezi kuwapima kwa mizani moja. Yule mama anazungumza alichokiona kwa macho yake: mtu ameacha sindano, mimba haikuja. Hesabu yake ni ya kweli, maelezo yake ndiyo yasiyo sahihi. Mhudumu wa afya ndiye mwenye kitabu, ndiye aliyesomea, ndiye anayeshika sindano mkononi. Yeye anapotamka "mara moja" mbele ya mwanamke aliye katika mwezi wa tisa wa kusubiri, anamfundisha jambo moja tu: kwamba watu wa hospitali hawasemi kweli. Na mwanamke huyo atakwenda wapi? Atakwenda kwa yule mama wa kwenye sauti, kwa sababu angalau huyo amekubali kwamba kuna kitu kinatokea.

Ndiyo maana uvumi huu haufi. Wengine wanasema wanawake ni wepisi wa kuamini maneno ya mtaani. Mimi naona sivyo. Uvumi unaishi kwa sababu ndani yake mna kipande cha ukweli, na wale wenye wajibu wa kukisema kipande hicho wanakiogopa. Wanaogopa kwamba wakisema "sindano huchelewesha", watu watasikia "sindano inaharibu", na wataikimbia. Naielewa hofu hiyo. Najua pia kwamba meza ya kliniki ina foleni ndefu, muuguzi mmoja anahudumia watu wengi, na dakika za kuzungumza hazitoshi. Nakubali, kwa shingo upande. Lakini sentensi ninayoitaka ni fupi: "Ukiacha hii, inaweza kukuchukua miezi kumi au zaidi tangu sindano ya mwisho kushika mimba, ukitaka mtoto hivi karibuni tukupe njia nyingine." Hiyo haimalizi hata muda wa kuvuta dawa kwenye bomba.

Nina shoga yangu, naye ananiruhusu nilisimulie hili bila jina. Aliacha sindano wakiwa wamekubaliana vizuri na mumewe. Miezi ikapita. Mwanzo walicheka, baadaye wakanyamaza, baadaye mume akaanza kuuliza maswali ambayo majibu yake yalikuwa ya miaka ya kabla hawajafahamiana. Wifi yake akamwambia mbele ya watu, "Wewe kizazi chako ulikichezea mwenyewe." Alipokwenda kituoni, akaambiwa lile neno la mara moja. Akabaki hana ushahidi wa kujitetea hata mbele ya nafsi yake. Alikuja kupata mtoto, na hakunywa dawa yoyote ya kumfanya ashike mimba; muda wake ulifika tu. Wifi hakurudi kuomba radhi. Lakini nikimuuliza shoga yangu alichoumia zaidi, hataji wifi. Anataja kwamba kulikuwa na mtu anayejua na hakumwambia.

Hesabu yenyewe watu huianzia mahali pasipo. Mwanamke akiacha kwenda kuchoma sindano mwezi fulani, kichwani mwake ameacha mwezi huo, na anaanza kuhesabu. Mumewe anaanzia hapo pia. Wakati huo dawa bado ipo kazini. Ile miezi 10 inahesabiwa tangu sindano ya mwisho kuchomwa, kwa hiyo ukiondoa mitatu ya kinga, ina maana hata baada ya tarehe uliyoiruka, miezi saba ya kusubiri ni jambo la kawaida kabisa. Kama kuna kadi ya kliniki, tarehe ya sindano ya mwisho itazame hapo, usiitafute kwenye kumbukumbu.

Na wale wanaouza vitu vya "kusafisha kizazi" baada ya uzazi wa mpango, naomba wasome karatasi hiyo hiyo. Imesema jambo ambalo linaangusha biashara yao yote: muda wa kusubiri hauna uhusiano na muda uliotumia sindano. Aliyechoma mwaka mmoja na aliyechoma miaka sita hawatofautiani kwa hilo. Dawa hairundikani kwenye kizazi ikasubiri kufagiliwa. Kilichobaki kipo kwenye msuli, kinayeyuka kwa mwendo wake, na hakuna unga wala mvuke wala maji ya kujiosha yanayokiharakisha. Kujisafisha ukeni kwa dawa za ajabu kunaweza kukuletea maambukizi, na maambukizi yakipanda mpaka kwenye mirija ya uzazi ndiyo yanayoziba njia ya yai kweli kweli. Inaniuma sana kufikiria mwanamke ambaye hakuwa na tatizo akilitengeneza tatizo kwa sababu alikuwa na haraka ambayo mtu mmoja angeituliza kwa sentensi moja.

Njia nyingine zina habari nyepesi zaidi. Kijiti kikitolewa, homoni yake kwa wengi haionekani tena kwenye damu ndani ya wiki moja. Kitanzi chenye homoni kinafanya kazi yake zaidi pale pale kwenye mji wa mimba, na kikitoka kimetoka. Vidonge vya majira: katika utafiti mkubwa wa Ulaya uliotoka mwaka 2009, asilimia 21 ya walioacha walishika mimba katika mzunguko wa kwanza, na asilimia 79 ndani ya mwaka. Ndiyo maana aliyeacha vidonge na bado hajawa tayari kwa mtoto asijiambie kwamba ana miezi ya akiba. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Ethiopia walikusanya tafiti nyingi za njia zote kwa pamoja wakakuta walioshika mimba ndani ya mwaka ni asilimia 83, bila tofauti kubwa kati ya waliotumia njia za homoni na waliotumia kitanzi.

Kuna jambo jingine ambalo vidonge hubebeshwa bila haki. Damu unayoiona kila mwezi ukiwa unameza vidonge huja kwa sababu homoni imesitishwa siku chache. Si hedhi ya yai lililopevuka. Kwa hiyo binti ambaye mzunguko wake ulikuwa wa kuruka ruka tangu utotoni akianza vidonge ataona mwezi unakuja kwa tarehe, atasahau. Miaka kumi baadaye anaacha, mzunguko unarudi ule ule wa kuruka ruka, na lawama zote zinakwenda kwa vidonge. Huenda ana vifuko vingi kwenye ovari, huenda ana shida ya tezi ya shingo, na hayo yalikuwepo, yamefunikwa tu. Miezi mitatu ikipita baada ya kuacha vidonge na hedhi haijaonekana, pima mimba kwanza, kisha nenda ukachunguzwe. Pia yapo yanayoitwa madhara ya uzazi wa mpango kumbe ni umri. Homoni inazuia yai lisipevuke, haizuii mayai kupungua. Aliyeanza na miaka 23 akaacha na 37 amerudi na ovari za miaka 37.

Hapo ndipo wakubwa zangu wana haki ya kunikasirikia, kwa sababu mimi nasema "subirini" na wao saa inawasukuma. Wana hoja. Kwa mwanamke wa miaka 25, miezi kumi ni mateso ya moyo. Kwa mwanamke wa miaka 36, miezi kumi ni mateso ya moyo na pia ni mtaji unaotumika. Ndiyo maana naikasirikia zaidi ile "mara moja": inamnyima mwanamke huyu nafasi ya kupanga. Ukitaka mtoto mwakani, wakati wa kuachana na sindano ni sasa, uhamie vidonge au kondomu mpaka siku mtakayokuwa tayari, ili dawa iondoke wakati bado humsubiri mtu. Mipango ya namna hiyo haiwezekani kwa mtu ambaye ameambiwa njia zote ni sawa.

Wakati unasubiri kuna ya kufanya, na hili nalisema kwa dada yeyote anayesoma hapa akiwa na kipimo cha mimba kwenye droo. Usingoje hedhi irudi ndipo uamini kwamba mwili umeamka. Nusu na zaidi ya wanaotumia sindano hii kwa mwaka huwa hawaoni damu kabisa, na yai la kwanza hupevuka kabla ya hedhi ya kwanza, kwa hiyo unaweza kushika mimba bila kuona hata tone. Tazama ute. Ukiona umekuwa mwingi, wa kuteleza, unaovutika kama sehemu nyeupe ya yai bichi, upevushaji u karibu. Siku za kushika mimba ni kama sita tu katika mzunguko, zile tano kabla yai halijatoka na siku yenyewe, kwa sababu mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani siku tano lakini yai linaishi saa 24 hivi au chini ya hapo. Kukutana kila siku mbili au tatu kunatosha. Hakuna haja ya kugeuza chumba kuwa zamu ya kazi. Na hata kila kitu kikienda sawa, kwa watu wenye afya nafasi ya mzunguko mmoja ni kama moja katika nne au tano.

Folik asidi anza leo, mikrogramu 400 kila siku, usingoje mstari wa pili kwenye kipimo. Mfereji wa neva wa mtoto, ule ambao usipofunga vizuri mtoto huzaliwa na mgongo wazi, hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Wengi siku hizo ndio kwanza wanashangaa mbona wamechelewa. Kama familia yenu iliwahi kupata mtoto wa namna hiyo, au una kisukari au unatumia dawa za kifafa, muulize daktari, kwa sababu kiwango chako kinaweza kuwa kikubwa zaidi.

Sasa, nisieleweke kwamba kila anayechelewa anyamaze asubiri miezi 31. Utasa upo. Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2023: karibu mtu mmoja katika kila sita hukutana nao maishani. Mara nyingi hauna uhusiano wowote na uzazi wa mpango. Kisonono na klamidia, maambukizi ya zinaa, zisipotibiwa zimeziba mirija ya wanawake wengi ambao hawakujua hata kama waliugua. Kama uliwahi kuugua maambukizi ya nyonga, kufanyiwa upasuaji wa tumbo la chini, kutungwa mimba nje ya mji wa mimba; kama hedhi yako ni ya maumivu yanayokulaza kitandani au ilikuwa inapotea hata kabla ya kuanza njia yoyote, usikae kuhesabu. Nenda. Chini ya miaka 35, kanuni ya kawaida ni mwaka mmoja wa kujaribu bila kinga kabla ya uchunguzi. Ukifika 35, ni miezi sita. Ukifika 40, nenda mara tu mnapoamua. Aliyetoka kwenye sindano amweleze daktari tarehe ya sindano ya mwisho, aiseme hata kama hakuulizwa, kwa sababu ndiyo itakayomwambia kama aanze vipimo vya mirija au ampe muda.

Na mwanaume aende siku hiyo hiyo. Katika takriban nusu ya ndoa zinazochelewa, upande wa mwanaume una mchango. Kupima shahawa ni kutoa sampuli kwenye kikombe, hakuna kupasuliwa, hakuna kulazwa. Mwanamke asiingizwe vifaa, asipigwe picha za mirija, asimezeshwe vidonge vya kupevusha mayai wakati mwenzake hajatoa hata sampuli moja. Kaka zangu, kama umekaa miezi ukiuliza alitumia nini kabla hujamuoa, jibu la swali lako linaweza kuwa mwilini mwako, na mkeo anastahili kulijua wiki hii.